Stelvio au Gavia: una siku moja tu pale Bormio, unapanda ipi?

Watu wa baiskeli wanaopanga kwenda kupanda milima ya Bormio, kaskazini mwa Italia, wananiuliza hili swali kila msimu, na ukiwasikiliza vizuri unagundua wengi wameshajijibu wenyewe kabla hujafungua mdomo, ni Stelvio, basi, kwa sababu ile picha ya kona 48 zimejikunja ukutani wameiona mara mia na wanaitaka na wao. Siwalaumu, picha ile inavuta kweli. Lakini Bormio si mji wa barabara moja bana. Ukisimama pale katikati, kama mita 1,225 juu ya usawa wa bahari, una Stelvio kaskazini, una Gavia kusini mashariki, na ukishuka na bonde kidogo unaikuta Mortirolo, yaani milima mitatu ambayo kila mmoja una siku yake kubwa kwenye Giro d'Italia, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya wiki tatu ambayo kila siku ni hatua moja, siku za watu kuivaa jezi ya pinki ya anayeongoza na siku za watu kuivua. Mtu amesafiri mbali hivyo, kabeba baiskeli kwenye ndege, halafu anachagua kwa picha tu? Inauma.

Mi msimamo wangu nauweka hapa hapa mwanzo. Kama ni moja tu, na miguu yako ina mazoezi ya kutosha, panda Gavia, na uipandie upande wa Ponte di Legno, mji mdogo ulio ng'ambo ya kusini ya mlima. Stelvio nayo ina watu wake na nitawataja, tena si wachache, ila kwa anayependa hii michezo na historia yake, Gavia ndo itakayobaki kichwani.

Tuanze na namba maana najua ndo mnazitaka:

Stelvio kutoka Prato, kijiji kilicho ng'ambo ya pili ya mlima: kilomita 24.3, unapanda kama mita 1,800, wastani wa mwinuko asilimia 7.4, kilele mita 2,757.
Stelvio kutoka Bormio: kilomita 21.5, kama mita 1,530, wastani 7.1.
Gavia kutoka Ponte di Legno: kilomita 17.3, kama mita 1,360, wastani 7.9, kilele mita 2,621.
Gavia kutoka Bormio: kilomita 25.6, kama mita 1,400, wastani 5.5.

Ukiziangalia hivi unaona Stelvio ya Prato ndo ngumu, ndefu kuliko ile ya Ponte di Legno kwa kilomita 7 na juu zaidi, na Gavia ya Bormio unaiona kama ya kutembelea tu. Hapo ndo watu wanapokosea. Wastani ni kitu kinachoficha sana. Chukua Gavia ya Ponte di Legno, zile kilomita 6 hivi za kwanza zinapanda taratibu, unapita vijumba na malisho, unaongea na mwenzako, sasa kilomita hizo laini zimeingia kwenye ule wastani wa 7.9 na kuushusha, maana yake kilomita 11 zilizobaki wastani wake unapita 9, na ndani yake kuna vipande vinafika 16. Na havikuji mwishoni ukiwa umejiandaa, vinakuja ghafla pale barabara inapobana ikabaki upana wa gari moja. Unabadilisha gia, unabadilisha tena, halafu hakuna tena ya kubadilisha.

Gavia ya Bormio nayo hivyo hivyo, kilomita 13 za mwanzo mpaka Santa Caterina Valfurva ni mwinuko wa kubembeleza, kisha nusu ya pili inakaa kwenye asilimia 7 na vipande vikali zaidi katikati, halafu karibu na juu inalegea. Ni njia nzuri, sikatai, na kwa mtu ambaye hajawahi kuvuka mita 2,000 kwa baiskeli ndo ningemwanzishia hapo. Lakini sura halisi ya Gavia iko upande wa pili.

Sasa Stelvio. Ile barabara ilijengwa kati ya 1820 na 1825, mhandisi wake Carlo Donegani, na aliyeitaka ni dola ya Austria ambayo wakati huo ilikuwa imeishika Lombardia na ilihitaji njia ya kuiunganisha na Tirol bila kuzunguka. Kwa hiyo ni barabara iliyopigwa mahesabu kwa ajili ya farasi wanaovuta magari mazito, na farasi anayevuta mzigo huwezi kumpandisha asilimia 15, anakufa. Ndo maana Donegani akaikunja barabara mara 48 upande wa Prato, kila kona inanunua urefu ili mwinuko usizidi. Miaka karibu 200 baadaye wewe unafaidi hesabu ya farasi, kwa sababu Stelvio mara chache sana inakupeleka mbali juu ya asilimia 10 au 11. Ni mlima wa saa nyingi lakini haukupigi kofi. Ukipata mwendo wako, tuseme kilomita 10 kwa saa, unakaa nao hapo hapo karibu saa mbili na nusu, unakula, unakunywa, unahesabu kona.

Na kuhesabu kona ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kila kona ina jiwe lenye namba, zinaanza 48 chini ya kijiji cha Trafoi na zinashuka mpaka 1 kileleni, kwa hiyo muda wote unajua umebakiza nini. Halafu kona zenyewe ni mahali pa kupumua, ukiipitia kwa nje, ule upande mpana, barabara inakuwa karibu tambarare kwa mita chache na mapigo ya moyo yanashuka kidogo kabla ya kupanda tena. Angalia tu gari lisiwe linashuka. Mara arobaini na nane unapewa hiyo nafasi. Gavia haina hiyo huruma, kona zipo lakini chache na katikati yake kuna vipande vya kunyooka vinavyopanda tu.

Kuna sehemu moja ya Stelvio ambayo lazima niseme, pale Franzenshöhe, mita 2,188. Unatoka kwenye miti, upande mmoja una barafu za mlima Ortles wenye mita 3,905, mbele yako unauona ukuta wote, kona zote zilizobaki zimepangwa moja juu ya nyingine mpaka kule juu ambako unaona vidoti vinasogea, na vile vidoti ni pikipiki. Mara ya kwanza nilipofika pale nilisimama. Si kwa kuchoka, nilisimama kwa sababu nilitaka kuielewa, na mpaka leo naamini hakuna barabara nyingine inayokuonyesha kazi iliyobaki waziwazi namna ile. Kuna watu inawapa nguvu na kuna watu inawavunja.

Upande wa Bormio wa Stelvio unapita bonde la Braulio, una matuneli ya zamani membamba na maporomoko ya maji, kona zake ziko nyingi tu ila hazina umaarufu. Mi naupenda, una utulivu zaidi asubuhi. Lakini kama unaenda Stelvio mara moja maishani mwako usipande upande huo, panda Prato.

Historia ya baiskeli pale Stelvio inaanza na Fausto Coppi wa Italia, tarehe 1 Juni 1953, na hii stori hata kama unaijua irudie kabla hujaenda. Ilikuwa mara ya kwanza Giro inapita pale. Hugo Koblet wa Uswisi alikuwa na jezi ya pinki, amemwacha Coppi dakika 1 na sekunde 59, imebaki hatua hii ya Bolzano kwenda Bormio na nyingine moja, na watu wengi walishaona imekwisha. Coppi alikuwa na miaka 33. Barabara ni ya changarawe, kuta za theluji pande zote mbili. Akachomoka mlimani Koblet akashindwa kumfuata, wakafika Bormio Coppi ametangulia kwa dakika 3 na sekunde 28, piga hesabu mwenyewe, akashinda Giro kwa dakika 1 na sekunde 29, ukiwa ushindi wake wa tano na wa mwisho wa Giro. Alifariki Januari 1960, na tangu 1965 kilele cha juu kuliko vyote kwenye kila Giro kinaitwa Cima Coppi. Stelvio ikiwemo kwenye njia, jina hilo linakuwa lake bila ubishi, hakuna barabara iliyopo kwenye mbio hizo inayoishinda urefu. Pale juu kuna kumbukumbu yake, usipite tu kukimbilia picha ya kibao.

Baada ya hapo Stelvio imeendelea kuwa mlima wa kuhitimisha mambo. Mwaka 1975 Giro nzima ilimalizikia pale juu, si Milano, juu kabisa kwenye kibaridi, Francisco Galdós akashinda hatua lakini Fausto Bertoglio akakaa naye gurudumu kwa gurudumu na kubaki na pinki kwa sekunde 41. Mwaka 1980 Bernard Hinault alichomoka huko akiungana na mwenzake wa timu Jean-René Bernaudeau, wakashuka na kukanyaga pamoja karibu kilomita 80 mpaka Sondrio, Wladimiro Panizza akapoteza pinki, na Hinault akamwachia Bernaudeau ushindi wa siku kwa sababu alikuwa ameshapata alichokuja kukitafuta. Mwaka 2012 Thomas De Gendt alichomokea Mortirolo akaja kushinda Stelvio peke yake, akapanda mpaka nafasi ya tatu ya jumla kesho yake. Na 2020, Giro ya mwezi wa kumi kwa sababu ya korona, Rohan Dennis aliwavuta mwenzake wa timu Tao Geoghegan Hart na mpinzani wao Jai Hindley pale mpaka kundi likaisha lote nyuma yao, aisee ile kazi ya Dennis ukiitazama leo bado unasikia miguu inauma.

Unaona mtiririko wake. Stelvio ni mlima wa mipango, mwenye nguvu anajua ataanzia wapi, anachomoka, anamaliza. Ni ndefu vya kutosha kwa aliye bora kuonekana kuwa bora.

Gavia si hivyo.

Gavia haikujengwa na dola kwa mahesabu ya farasi, ilikuwa njia ya wachungaji na wafanyabiashara ambayo wanajeshi wa Italia waliipanua wakati wa vita vya kwanza vya dunia, maana mstari wa mapigano na Austria ulikuwa huko huko juu kwenye barafu. Ndo maana imebana vile na ndo maana inapanda bila adabu. Giro ilipita mara ya kwanza 1960. Imerio Massignan, kijana wa miaka 23, akafika kileleni wa kwanza, halafu akashuka kuelekea Bormio kwenye mawe akapata pancha, akapata tena, na Charly Gaul akampita akashinda hatua kwa sekunde 14. Nyuma yao Jacques Anquetil alikuwa anapigania pinki kwenye mteremko ule ule, akaiokoa, akashinda Giro kwa sekunde 28 tu. Baada ya siku hiyo moja Giro haikurudi Gavia kwa miaka 28. Fikiria mlima uliotumika mara moja tu watu wakauogopa kizazi kizima.

Ikarudi tarehe 5 Juni 1988.

Hatua ilikuwa fupi, kilomita 120, kutoka Chiesa in Valmalenco mpaka Bormio. Chini mvua, juu theluji, na upande wa Ponte di Legno sehemu kubwa ilikuwa bado haina lami kwa hiyo theluji ikaingia kwenye udongo ikawa uji. Timu ya 7-Eleven ya Marekani asubuhi ile viongozi wake walikwenda kununua nguo za watu wa ski, glavu nzito, kofia, kila kilichopatikana, na wakamwekea Andy Hampsten mipango ya kupata nguo kavu na kinywaji cha moto karibu na juu. Timu nyingine nyingi hazikufanya hivyo. Johan van der Velde wa Uholanzi alichomoka mlimani akiwa na jezi ya mikono mifupi, kichwa wazi, akavuka kilele wa kwanza. Hapo una picha ya ushindi kabisa. Lakini kule juu mwili wako una joto kwa sababu unakanyaga, ukianza kushuka hukanyagi tena, upepo wa kilomita 50 kwa saa unakupiga kwenye nguo zilizolowa, na dakika tano tu vidole havishiki breki. Van der Velde alilazimika kusimama kutafuta joto, na alipofika Bormio, yule yule aliyekuwa wa kwanza kileleni, alikuwa amepoteza zaidi ya dakika 45. Erik Breukink akashinda hatua, Hampsten wa pili kwa sekunde 7, na Hampsten akavaa pinki, akaibeba mpaka mwisho, Mmarekani wa kwanza kushinda Giro.

Mi kinachonigusa kwenye siku hiyo si baridi peke yake. Kinachonigusa ni kwamba Giro iliamuliwa kwenye kushuka, na iliamuliwa asubuhi, dukani, na watu waliokubali kwamba mlima ni mkubwa kuliko wao. Ukipanda Gavia leo ukafika pale kwenye tuneli, kama kilomita tatu kabla ya kilele, baridi ya mle ndani ikikushika hata kama nje ni kiangazi, unaielewa ile siku kwa ngozi yako. Stelvio unasoma historia yake ukiwa umekaa, unaelewa. Gavia ni mpaka ukaiguse.

Halafu kuna hiyo tarehe. 5 Juni 1988 ni Gavia ya theluji. 5 Juni 1994 Marco Pantani alichomoka Mortirolo, akaja kushinda Aprica akiwaacha Miguel Indurain, bingwa wa mwaka uliotangulia, na Evgeni Berzin aliyekuwa na pinki, Italia ikampata mtu wake. 5 Juni 1999 Pantani huyo huyo akiwa na pinki, imebaki hatua hiyo na nyingine moja tu, akatolewa asubuhi pale Madonna di Campiglio kwa kipimo cha damu, na hatua aliyokuwa aiendeshe siku hiyo ilikuwa inapita Gavia na Mortirolo. Roberto Heras akaishinda. Tarehe moja, milima ile ile. Sijui niifanyie nini, ila kila nikipita kule naikumbuka.

Basi, turudi kwenye kuchagua, maana kuna mambo ya kawaida ambayo yanaamua zaidi ya historia.

Magari kwanza. Stelvio ni barabara ya kitalii, wikendi ya mwezi wa nane ni pikipiki, magari ya spoti, kempa, mabasi yanayoshindwa kukata kona kwa mara moja, na moshi na kelele vinapanda na wewe kilomita 24. Juu kabisa kuna maduka ya kumbukumbu na harufu ya soseji na watu wengi mno. Ukianza saa kumi na mbili asubuhi unaikwepa sehemu kubwa, ukianza saa nne umekwisha. Kuna siku kila kiangazi wanazifunga hizi barabara kwa magari zikabaki za baiskeli tu, na ile ya Stelvio mwishoni mwa msimu inajaza maelfu ya watu, kama tarehe zako zinakaribiana na mojawapo ya siku hizo basi badilisha safari uifuate, hiyo peke yake inaweza kunifanya nikushauri Stelvio. Gavia magari yapo lakini machache sana, na juu pale kuna ziwa la Lago Bianco, nyumba ya wapanda milima, mbuga ya mawe, na upepo. Unasikia cheni yako mwenyewe.

Kushuka nako ni tofauti. Stelvio kwenda Prato ni kazi ya breki mara 48, unafunga, unageuka, unaachia, unafunga, mikono inachoka kabla ya miguu, na kama una breki za mpira kwenye rimu za kaboni nenda taratibu maana joto linapanda vibaya. Lami ni nzuri na unaona mbele. Gavia kushukia Ponte di Legno mi siipendi, nasema wazi, barabara gari moja, kona hazionekani, sehemu nyingine pembeni hakuna ukingo wa maana, na ile tuneli unaingia na macho yako yamezoea jua. Taa ya mbele na ya nyuma ni lazima, si hiari. Ndo sababu nyingine nasema uipandie Ponte di Legno na ushukie Bormio, njia ya Bormio ni pana na inatulia mapema.

Hali ya hewa, hapa zote mbili sawa kwa ukali. Kwa kila mita 1,000 unazopanda joto linapungua kama nyuzi 6 na nusu, kwa hiyo kutoka Prato mpaka juu ya Stelvio ni tofauti ya kama nyuzi 12, na Ponte di Legno mpaka juu ya Gavia ni kama 9, kabla hujahesabu upepo. Hewa kule juu ina mgandamizo kama robo tatu tu ya ule wa pwani, utaiona kwenye kifua kuanzia mita 2,000 hivi, usishangae mwendo ukishuka wakati miguu inajisikia vizuri. Zote zinafungwa majira ya baridi na kwa kawaida zinafunguliwa kati ya mwisho wa Mei na Juni, ila kufunguliwa si ahadi. Giro yenyewe yenye matrekta ya kusafisha theluji imeshindwa, 2013 hatua nzima ya Gavia na Stelvio ilifutwa, na 2019 Gavia ikatolewa kwenye njia. Mwaka 2014 walipita zote mbili kwenye theluji, Nairo Quintana akachukua pinki siku hiyo, na ubishi wa nani aliambiwa nini pale juu ya Stelvio kuhusu kushuka taratibu haukuisha mpaka leo. Kwa mtu wa kawaida Julai mpaka katikati ya Septemba ndo salama, na hata Julai beba koti la upepo, glavu ndefu, na kitu cha kufunika masikio. Usiniambie hali ya hewa inaonyesha jua.

Gia. Stelvio mbele meno 34 na nyuma 30 unaweza kuishi, 32 ni raha. Gavia nyuma weka 34 kama baiskeli yako inakubali, kile kipande cha 16 kinapokukuta ukiwa na 28 unaanza kuyumba barabara nzima na barabara yenyewe haina nafasi ya kuyumba.

Usafiri wa kufika: kwa Bormio treni inaishia Tirano ukitokea Milano, kisha basi. Kwa Prato unachukua treni ya bonde la Venosta kutoka Merano mpaka Spondigna, na hapo Prato si mbali. Kwa Ponte di Legno treni inaishia Edolo ukitokea Brescia, unamalizia kama kilomita 20. Ukikaa Bormio na unataka kuipanda Gavia upande wangu, ama unatafuta gari la kukupeleka ng'ambo, ama unapanda Gavia mara mbili siku moja, ambayo inawezekana na nimewaona watu, ila anza mapema mno na siyo siku yako ya kwanza milimani.

Wenye miguu ya kutosha mzunguko wa Stelvio ni mtamu kuliko kupanda na kurudi: Bormio, juu Stelvio, shuka Prato, ingia Uswisi bonde la Müstair, panda Umbrail mpaka mita 2,501, rudi Bormio, kama kilomita 100. Beba pasipoti. Umbrail ndo ile ambayo 2017 Tom Dumoulin, akiwa na pinki, alisimama kabla ya kuipanda kwa sababu ya tumbo, akapoteza zaidi ya dakika 2 kwa Vincenzo Nibali aliyeshinda Bormio, na bado akaja kushinda Giro.

Mortirolo naipitia haraka kwa sababu si swali la leo: kutoka Mazzo kilomita 12.4, wastani asilimia 10.5, mita 1,852 tu, imejaa miti, huoni kitu, ni maumivu matupu. Kuna sanamu ya Pantani njiani. Nenda kwa ajili yake, usiende kwa ajili ya mandhari.

Kwa hiyo Stelvio mwachie nani? Mtu ambaye ndo kwanza anaanza milima mirefu na ana uvumilivu kuliko nguvu, itamlea. Mtu anayesafiri na familia, maana wanaweza kumfuata kwa gari na kumsubiri juu. Mtu aliyelelewa na stori za Coppi, huyo hata simshauri, aende tu. Mtu mzito kama kilo 90 na kuendelea naye, mwinuko ule wa kudumu utamtendea haki kuliko vipande vya Gavia.

Wengine wote, lala Ponte di Legno usiku, kula vizuri, saa kumi na mbili na nusu uwe kwenye baiskeli. Zile kilomita sita za kwanza jizuie, kila atakayekupita mwache apite. Barabara ikibana, gia ya mwisho, macho chini. Ukitoka kwenye tuneli kaa kando dakika moja na vaa koti hapo hapo kabla ya kilele, usisubiri kufika juu.